Mzazi Hakuulizwa

Habari yenyewe, wasikilizaji, mliisikia mwezi wa Agosti mwaka 2023, na wengi wenu mliisikia zaidi ya mara moja: kwamba majina na anwani za baruapepe za watu milioni 2.6 wanaojifunza lugha kwa programu ya Duolingo zilimwagwa katika soko la wezi wa intaneti, na kwamba daftari zima, ambalo mwezi wa Januari mwaka huo lilinadiwa kwa dola 1,500, wakati huo lilipatikana kwa dola 2 na senti chache, yaani kama shilingi 300 za hapa kwetu Kenya. Hatutaisimulia tena. Linalotutia wasiwasi si bei wala si wezi, kwa kuwa wezi walikuwako kabla ya simu na watakuwako baada yake. Linalotutia wasiwasi ni jibu la kampuni, na wepesi tuliolipokea nao.

Kampuni ilisema, tangu huo mwezi wa Januari, kwamba hakuna aliyeingia katika mitambo yake kwa kuvunja. Taarifa zile, ilisema, zilichumwa katika kurasa za wanafunzi ambazo zi wazi kwa kila mtu. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linahadaa. Jina la mwanafunzi, lugha anayoisoma na hatua aliyofikia vilikuwa wazi, hilo twalikiri. Walakini anwani ya baruapepe haikuwa wazi, nayo ndiyo iliyoyapa hayo mengine thamani. Ilikuwaje basi? Mwizi alikuwa na orodha ndefu ya anwani alizozipata pengine, akazipeleka katika njia ya mitambo ya kampuni ambayo haikudai neno la siri wala kitambulisho, akauliza moja baada ya moja, mfano wa mtu asimamaye mbele ya bawabu na kumwambia, Je, fulani yumo? na bawabu, badala ya kumwuliza yeye ni nani na ana haja gani, akajibu, Yumo, na jina lake ni hili, na anasoma Kihispania, na amefika hapa. Aliuliza mara mamilioni, na bawabu hakuchoka. Baya zaidi ni kuwa njia ile ilijulikana tangu Januari, na mwezi wa Agosti waandishi wa habari walipoijaribu waliikuta ingali wazi.

Kuonekana si kuruhusiwa. Mtu akipata anwani yako na jina lako, na akajua kwamba wajifunza Kifaransa na umefika wapi, anaweza kukuandikia barua ambayo utaamini kwa dhati imetoka kwa hao wanaokufundisha, na katika barua hiyo akakutaka neno lako la siri, nawe ukampa kwa mkono wako mwenyewe. Na mtu mzima akidanganyika namna hii, seuze mtoto.

Tusidhaniwe kwamba tuna chuki na programu hii. Tangu mwaka 2017 inawafundisha Kiswahili wasemao Kiingereza, na kama kuna wajukuu wa pwani hii huko London au Toronto wanaojifunzia humo yale ambayo wazazi wao hawakupata nafasi ya kuwafundisha, na wakarudi likizo wakamwamkia nyanya kwa shikamoo, sisi tutashukuru. Wala hatusemi kwamba hawajui kuficha. Mwaka 2016 wataalamu wa kampuni hiyo hiyo walitoa hadharani kumbukumbu milioni 13 za mazoezi ya wanafunzi, ili wachunguzi wapate kujua jinsi binadamu anavyosahau maneno, na majina ya wanafunzi hawakuyaweka. Kwa hiyo elimu ya kuficha wanayo. Swali letu ni kwa nini elimu hiyo hutumika inapowahudumia wataalamu, na huchelewa inapomhusu mwanafunzi.

Na hapa ndipo tunapofika penye jambo letu, ambalo wasikilizaji wa siku nyingi wa kituo hiki wanalijua, na pengine wamechoka kulisikia: mzazi hakuulizwa.

Mwalimu, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa vitabu havitoshi na darasa limejaa, hufungua darasa katika programu kama hii, akaandika majina ya wanafunzi wake, akawapa namba ya kuingilia, na mahali palipoandikwa Nakubali akabofya. Amekubali nini? Amekubali kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili ambazo hata wakili huzisoma akilipwa. Amekubali kwa niaba ya nani? Kwa niaba ya mama aliyeko sokoni Kongowea, Mombasa, na baba aliyeko baharini, ambao hawana habari kwamba kila kosa la mtoto wao, na saa aliyolifanya, linaandikwa na kuwekwa katika nchi wasiyoijua. Mwalimu hatumlaumu sana. Lakini mzazi hakuulizwa.

Sheria si kwamba haipo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, yasema taarifa za mtoto zisishughulikiwe ila kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Na mtoto, kwa mujibu wa Katiba yetu, ni kila asiyetimiza miaka 18. Sheria ya Marekani juu ya faragha ya watoto katika intaneti, iliyopitishwa mwaka 1998, inakomea kwa walio chini ya miaka 13. Angalieni basi pengo hilo, lenye upana wa miaka 5, ambamo mwanafunzi wetu wa sekondari wa umri huo, aliye mtoto mbele ya hakimu wa Mombasa, si mtoto tena mbele ya sheria ile ambayo kampuni za huko huisoma kwanza. Katika pengo hilo mzazi hakuulizwa.

Na hata huko Marekani wenyewe wamelistukia jambo hili. Mwezi wa Mei mwaka 2023 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliishtaki kampuni ya Edmodo, iliyokuwa ikitumiwa mashuleni, kwa kukusanya taarifa za watoto bila ya ridhaa ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo ya biashara, na ikapangiwa faini ya dola milioni 6. Kampuni ilikuwa imewatwika walimu mzigo wa kutafuta ridhaa; Tume ikasema mzigo huo si wa walimu. Sisi twaongeza kwamba si wa mtoto vilevile.

Na hapa kwetu, mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo, serikali ilisimamisha shughuli za kampuni ya Worldcoin, baada ya maelfu kujipanga foleni jijini Nairobi wapigwe picha za mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Wengi waliwacheka. Walakini yule aliyepanga foleni alikuwa mtu mzima, alijua kwamba ametoa jicho lake, na alijua kwa bei gani. Mtoto wa shule hajui ametoa nini, halipwi kitu, na mzazi wake hakuulizwa.

Basi enyi wazazi, kila muhula shule hufunguliwa. Nendeni mkaulize! Msiulize karo peke yake. Ulizeni ni programu zipi zinazotumiwa darasani, nani aliyekubali, jina la mtoto limeandikwa kamili au la, na likifutwa hufutwa na nani. Walimu wakuu, andikeni karatasi moja ya Kiswahili fasaha, mzazi aisome au asomewe, atie sahihi au akatae, na anayekataa mtoto wake asinyimwe somo. Mwanafunzi, ukurasa wako ukikudai jina kamili, andika jina la mchezo, na anwani ya mzazi wako usiitoe pasipo yeye kujua. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao sheria yao ya taarifa binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2023, nanyi anzeni mapema msije mkachelewa kama tulivyochelewa sisi.

Na Kamishna wetu wa Ulinzi wa Data, ambaye ofisi yake ina mamlaka ya kuuliza na kujibiwa, aiandikie kampuni ya Duolingo barua, aitake iseme katika watu hao milioni 2.6 ni wangapi waliomo nchini Kenya, na katika hao ni wangapi wasiotimiza miaka 18. Idadi hiyo itolewe kwa maandishi, itangazwe kwa Kiswahili, na itangazwe bila ya kukawia.