SAFARI YA MIGUU KATIKA NCHI KAVU

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Kinanie, Machakos)



Nimeombwa niseme juu ya safari ndefu ya miguu katika nchi isiyo na maji, kwa kuwa baadhi ya vijana wa hapa wanakusudia kuufuata uwanda wa Yatta. Uwanda huo wa mawe ya volkano huanza karibu na Kilimambogo, mlima usio mbali na hapa, ukaenea kusini-mashariki yapata kilomita 300 mpaka ndani ya Tsavo. Si jangwa la mchanga mtupu, ni nyika ya miiba. Lakini mtu aweza kufa kwa kiu humo vilevile.

Sikilizeni habari za Bwana Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai. Mwaka wa 1851 alifika Ukambani mara ya pili, akafuatana na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilishuka hadi pwani. Walipokaribia mto Tana walishambuliwa. Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alifika mtoni akanywa, lakini hakuwa na hata kibuyu! Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba mitutu kwa nyasi na vipande vya nguo. Alipokuwa akipenya vichakani, miiba iliing'oa ile nyasi, na maji yakamwagika. Baadaye, kiu ikiwa imemzidi, alisikia sauti za nyani. Akaufuata mkondo wa mto mkavu, akakuta shimo ambalo nyani wamelichimba mchangani, akapata maji. (Wakamba, bila shaka, walikuwa wakichimba maji mchangani kabla Bwana Krapf hajazaliwa.)

Basi jambo la kwanza ni chombo. Chukueni vyombo viwili au vitatu vyenye vizibo imara, wala si kimoja kikubwa, maana kimoja kikipasuka safari imekwisha.

La pili ni saa. Mtu anayetembea juani aweza kutoa jasho lita moja kwa saa moja, na lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni. Fanyeni hesabu wenyewe: hakuna awezaye kubeba maji ya kutosha kutembea mchana kutwa kwa siku nyingi. Kwa hiyo yafaa kupunguza jasho. Ondokeni alfajiri mara kunapopambazuka, mpumzike kivulini tangu saa nne hadi saa kumi, kisha mwendelee mpaka karibu na magharibi. Vaeni kofia pana na shati la mikono mirefu.

Wako wanaodhani kwamba ni ushujaa kuyaweka maji na kuvumilia kiu. Huo ni upumbavu. Maji yaliyomo chupani hayamsaidii aliyeanguka. Nyweni kidogo kidogo, mle na chakula chenye chumvi.

Mwenzenu akiumwa kichwa na mkojo wake ukawa mweusi-mweusi, simameni, apumzike na kunywa. Akianza kupayuka au kupepesuka, hiyo ni hatari ya kufa: mlazeni kivulini, mlowesheni mwili, mpepeeni, na mmoja akimbilie msaada. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Maji ya mchangani yachemsheni. Wala msilale katika mkondo wa mto mkavu, hata mchanga uwe laini namna gani; mvua ikinyesha mbali, mafuriko huja usiku bila wingu juu yenu.

Mkifika mpakani mwa Tsavo, msiingie kwa miguu bila ruhusa ya Shirika la Wanyamapori, kwani mle mna simba na ndovu. Na kabla ya kuondoka Kinanie, mwachieni mzee mmoja karatasi yenye majina yenu, njia mtakayopita, na siku ya kurudi. Siku hiyo ikipita hamjaonekana, aende polisi asubuhi yake.