Bunduki mu karte: tuulize aliyeitoa



Kila mara wezi wanapiga risasi usiku mu karte, kesho yake nasikia vijana: "Serikali itupe na sisi bunduki, tujilinde." Hasira naielewa. Lakini sheria ya silaha tuko nayo tangu 1985, wakati wa Mobutu: raia habebe bunduki bila ruhusa. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 190, inakataza kuunda wanamgambo ao kutunza vijana wenye silaha. Anayefanya hivyo ni musaliti wa nchi. Vijana, ni sisi njo wanasema pale.

Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya wanajeshi, hata kesi za raia zikaenda ku tribinali za kijeshi. Usiku tunasikia paka milio.

Mimi niko na diploma, kazi sina. Mwenye kunipa bunduki bure, mushahara hatanipa.

Tuombe hivi: kila bunduki ya jeshi na polisi iandikwe namba na jina la anayeibeba. Ikipatikana kwa mwizi, komanda wake aitwe, ajibu mbele ya watu.