Yusufu Hakurudi Shimoni

Somo: Mwanzo 41:50-52 na 45:1-15

Leo twataka kuzungumza juu ya majeraha ya moyoni, na hasa juu ya namna moja ya kuyaombea ambayo imeingia katika makanisa mengi ya Kiprotestanti. Wengine huiita uponyaji wa kumbukumbu, wengine uponyaji wa ndani.

Hapana shaka majeraha haya yapo. Mtu mzima wa miaka arobaini husikia mlango ukisukumwa kwa nguvu usiku, na moyo wake unaruka, kwa sababu alipokuwa mtoto mlango ukisukumwa hivyo ndipo kipigo kilipoanza. Mwingine alilelewa akiambiwa kila siku kwamba yeye ni mzigo, na hata leo akipewa zawadi hawezi kuipokea bila kuomba msamaha. Watu kama hawa tukiwaambia waombe tu na watasahau, tunawadhulumu. Kanisa lililonyamaza juu ya mambo haya halina haki ya kushangaa likiona washiriki wake wanatafuta msaada kwingine.

Basi, mafundisho haya yalitoka wapi? Mmoja wa walioyaeneza mwanzoni alikuwa mama Agnes Sanford, aliyezaliwa Uchina mwaka wa 1897, binti wa wamishonari wa Kipresbiteri, kisha akaolewa na kasisi wa Kanisa la Episkopali huko Marekani. Kanisa hilo ni la jamii yetu ya Anglikana, kwa hiyo tusiseme kwamba jambo hili limeletwa na majirani. Kitabu chake kinachojulikana sana, The Healing Light, kilitoka mwaka wa 1947. Alifundisha kwamba Yesu aweza kuombwa arudi nyuma mpaka siku za utoto wa mtu na kuponya palipoumizwa. Waliomfuata wakaendelea zaidi. Mtu hufumba macho, huambiwa aione nyumba aliyokulia, kisha amwone Yesu akiingia chumbani.

Mwaka wa 1996 Ed Smith, mchungaji wa Kibaptisti katika jimbo la Kentucky, alianzisha namna nyingine, akaiita Theophostic, jina alilolitunga kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya Mungu na nuru. Siku hizi huitwa Transformation Prayer Ministry. Katika njia yake ya kwanza, mwenye shida alifuata uchungu alio nao leo, akarudi nao mpaka kumbukumbu ya zamani yenye uchungu kama huo. Hapo alitafuta uongo aliouamini, kama vile kwamba yeye ndiye mwenye kosa, kisha akamngoja Yesu amwonyeshe kweli. Tumpe Smith haki yake: aliwaonya wasaidizi wasimtilie mtu picha wala maneno. Lakini onyo ni mzigo mzito kusafiri nao. Mtu akihudhuria semina ya siku mbili, hurudi nyumbani na njia. Onyo hubaki ndani ya daftari.

Tena hatukatai kwamba wako waliofarijika kwa maombi ya namna hii. Mtu aliyeonewa, akiketi na ndugu mwenye subira anayemsikiliza muda wa saa mbili na kumwombea, atapata nafuu. Pengine kusikilizwa huko peke yake ndiko kulikokuwa dawa. Shida yaanza pale maombi yanapogeuzwa kuwa upelelezi, yaani pale tunapomwendea Mungu ili atufunulie mambo ya zamani yaliyotendwa na nani, wapi, na lini.

Hebu tufikiri kwanza juu ya kumbukumbu yenyewe. Wengi wetu twadhani kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni; ukifungua sanduku utaikuta kama ulivyoiacha, labda na vumbi kidogo. Sivyo. Kila tunapokumbuka, akili hujenga habari upya kwa vipande ilivyo navyo, na palipo pengo huweka kitu. Mwaka wa 1995 huko Marekani, Elizabeth Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell walitoa habari za jaribio walilolifanya kwa watu 24. Kila mmoja alipewa habari nne za utoto wake. Tatu zilikuwa za kweli, nazo zilitoka kwa jamaa zake. Ya nne ilitungwa: kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama mitano alipotea dukani, akalia, akaokolewa na mtu mzee. Walipohojiwa tena baadaye, watu 6, yaani mmoja katika kila wanne, walisema wanakumbuka, ama yote ama sehemu. Hawakuwa waongo watu hao. Walikuwa wamesaidiwa kukumbuka.

Mtasema hilo ni jambo la kupotea dukani tu. Basi sikilizeni jambo lililotokea kanisani. Mwaka wa 1992, katika jimbo la Missouri, mshauri wa kanisa alimsaidia binti mmoja kukumbuka kwamba baba yake, ambaye alikuwa mchungaji, alimnajisi kwa miaka mingi, na kwamba mama yake alisaidia. Binti alikumbuka hata kushika mimba mara mbili. Baba akalazimika kuacha kazi yake ya uchungaji. Baadaye binti alipimwa na daktari, akiwa na miaka 22, ikaonekana kwamba ni bikira na hajapata kushika mimba kamwe. Akamshtaki mshauri, na mwaka wa 1996 akalipwa dola milioni moja kwa mapatano. Hatusemi kwamba mshauri yule alitumia njia ya Sanford au ya Smith. Twasema kwamba alikuwa mtu wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kuponya.

Torati haikumruhusu shahidi mmoja kumhukumu mtu. Twasoma hivyo katika Kumbukumbu la Torati 19:15, na mtume Paulo anamkumbusha Timotheo jambo hilo hilo juu ya wazee wa kanisa. Sasa kumbukumbu iliyozuka katika maombi ni shahidi mmoja, tena shahidi aliyeitwa na mtu mwingine. Ikiongezwa maneno kwamba Yesu ndiye aliyeionyesha, nani atajibu? Baba anayeshtakiwa hawezi kumhoji Bwana Yesu. Jirani akitaka kuuliza swali la kawaida kabisa, ataonekana anampinga Roho Mtakatifu. Amri inayokataza kulitaja bure jina la Mungu na amri inayokataza ushuhuda wa uongo huvunjwa hapo kwa pamoja, na watu wenye machozi ya kweli machoni.

Hapa twataka kusema jambo kwa sauti kubwa, ili mtu asiyachukue maneno yetu akayafanya kifuniko. Unajisi wa watoto upo, hata katika nyumba za Wakristo. Wengi waliotendewa hawakusahau kamwe. Taabu yao ni kwamba wanakumbuka mno. Mtoto akikuambia leo kwamba ameguswa au ameumizwa, hilo si jambo la uponyaji wa kumbukumbu. Mpeleke hospitali mara moja, kabla ya kumwogesha, na kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya muda huo. Nenda polisi. Simu ya watoto hapa Kenya ni 116, nayo haina malipo. Tuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, na wazee wa kanisa hawakupewa mamlaka ya kuketi chini ya mwembe na kuamua kesi hiyo kwa mbuzi wawili.

Turudi kwa wale wanaotetea maombi haya kwa Maandiko. Hutaja Yohana 21, pale Bwana alipowasha moto wa makaa kando ya ziwa, kama ule ambao Petro aliota alipomkana katika Yohana 18. Wanasema, tazama, Yesu alimrudisha Petro kwenye kumbukumbu yake. Ni kweli mambo hayo mawili yanafanana, na tunawashukuru kwa kutuonyesha. Lakini Petro hakuambiwa afumbe macho. Yesu alikuwa pale mwenyewe, amefufuka, na samaki wanaiva. Wala hakuubadili usiku wa kukana ukawa usiku mwingine. Alimwuliza Petro juu ya leo, kama anampenda, kisha akampa kazi ya kesho. Vivyo hivyo, Waebrania 13:8 inapotuambia kwamba Yesu habadiliki, yatutia moyo tumtegemee. Haitupi ruhusa ya kumpanga mahali pa kusimama na maneno ya kusema. Yesu tunayemchora sisi husema yale tuliyotamani kusikia. Yesu wa Injili mara nyingi aliwaambia watu neno ambalo hawakulitamani.

Sasa mtazame Yusufu. Kama yupo mtu katika Biblia aliyekuwa na utoto wa kuponywa, ni yeye. Nduguze walimvua kanzu, wakamtupa shimoni, wakaketi kula chakula. Alipozaliwa mwanawe wa kwanza huko Misri, alimwita Manase, jina lenye maana ya kusahaulisha, kwa sababu Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Ni jina la ajabu kidogo. Ukimwita mtoto Kusahau, kila ukimwita aje kula umekumbuka. Basi nadhiri ya Yusufu haikuwa kwamba habari imefutika. Ilikuwa kwamba haimtawali tena.

Kisha nduguze wakaja kununua nafaka. Yusufu alitaka kujua kweli juu yao: je, baba yu hai, mdogo wake Benyamini yuko wapi, na je, watu hawa ni wale wale? Kumbukeni kwamba huyu ndiye bwana wa ndoto. Alimfasiria Farao, akawafasiria wafungwa. Kama kungekuwa na mtu aliyestahili kufunga macho na kuonyeshwa mioyo ya nduguze, ni Yusufu. Hakufanya hivyo. Aliuliza maswali. Alimzuia Simeoni. Aliwataka wamlete Benyamini. Alificha kikombe chake cha fedha ndani ya gunia. Ndiyo, alijifanya kwamba ni kikombe cha kupigia ramli, lakini hakupiga ramli. Alitaka kuona kama watamwacha Benyamini kama walivyomwacha yeye. Yuda aliposimama akajitoa abaki utumwani badala ya kijana, ndipo Yusufu alipopata jibu, na alilipata kwa kusikia kwa masikio yake.

Ndipo akalia. Soma sura hizo uhesabu machozi yake; ni mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote katika Mwanzo. Alipojitambulisha hakuwaficha neno: aliwaambia wazi kwamba walimwuza. Mara hiyo hiyo akasema kwamba Mungu ndiye aliyemtangulizisha ili kuhifadhi maisha. Hakusema kwamba Mungu alikuwa amemshika mkono shimoni na kwa hiyo shimo halikuwa baya. Kuuzwa kulibaki kuuzwa.

Na mambo hayakwisha siku ile. Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha akafa. Baada ya maziko nduguze waliogopa kwamba sasa Yusufu atalipiza kisasi, wakatuma ujumbe, na Yusufu akalia tena. Miaka 17 baada ya kukumbatiana! Mhubiri akikuahidi kwamba jeraha la utoto litakwisha katika kikao kimoja cha maombi, mwulize amesoma mwisho wa Mwanzo au aliishia katikati.

Sisi katika Afrika Mashariki tulikwisha kufundishwa jambo la nuru. Uamsho ulioanza Gahini huko Rwanda, ukafika Kabete mwaka wa 1937, uliwafanya watu waseme hadharani mambo yao ya zamani. Ulikuwa na kasoro zake, na wako walioungama zaidi ya haja. Lakini kwa kawaida ndugu aliungama dhambi yake mwenyewe, aliyoijua, na kama aliiba jembe alilirudisha kwa mwenyewe. Mwenye jembe angeweza kusema ndiyo ni langu, au si langu.

Ndugu mpendwa, labda umekwisha kuombewa kwa njia hii. Kama ulichokiona ni jambo ambalo siku zote ulilijua, huna haja ya kuliona tena. Mwendee kasisi wako, au mama mwenye busara katika Umoja wa Akina Mama, au mshauri aliyesomea kazi hiyo, ulieleze kwa maneno ya kawaida, na ulie kadiri upendavyo. Lakini kama picha ilizuka mara ya kwanza katika maombi, na ndani yake kuna mtu, usimshtaki kwanza, wala usiitupe. Andika tarehe, na uandike maneno ambayo msaidizi alikuuliza kabla hujaiona. Kisha mtafute mtu unayemwamini aliyekuwa pale. Ukimwendea shangazi, usimwambie ulichokiona. Mwulize tu, "Shangazi, nilipokuwa na miaka sita tulikuwa tukikaa wapi, na nani walikuwa wakilala nyumbani?" Halafu unyamaze, umwache akumbuke mwenyewe.