Mambo ya Kufanya Katika Mji Mkubwa Mwanzo wa Masika
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kitaya)



Nimeombwa na Kamati niseme machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidhani kuwa la mchezo, nalo ni hili: mtumishi aendaye Dar es Salaam katika mwezi wa Machi, akiisha kumaliza kazi aliyotumwa, azitumieje saa zinazomsalia? Nimelikubali ombi hili kwa furaha, maana naona ya kuwa si mchezo hata kidogo. Kila mwaka watu wa huku kwetu huenda mjini, wengine kwa mafunzo, wengine kufuatilia mafao yao, wengine kuuguza jamaa. Hutumia fedha ya nauli na ya malazi, kisha hurudi; nasi tukiwauliza wameona nini, hutwambia bei ya vitenge Kariakoo na joto la chumba katika nyumba ya wageni. Safari ya namna hiyo ni hasara kwa mwenyewe, tena ni hasara kwetu sote tuliobaki.

Kwanza nitasema juu ya majira. Katika nchi za Ulaya mwezi wa Machi ni mwanzo wa machipuko: baridi hupungua, miti huanza kutoa majani, na watu wa miji mikubwa hutoka nje kutembea. Kwetu hakuna theluji ya kuyeyuka, lakini mwezi huo nao ni mlango wa majira. Kaskazi hulegea, na kusi haijashika. Ndio wakati ambao mabaharia wa pwani huuita tanga mbili. Sisi wa bonde la Ruvuma mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba ikaendelea hata Aprili, basi Machi hutukuta tumekwisha lowana. Dar es Salaam si hivyo. Vuli hupita, huja jua la Januari na Februari, kisha masika huanza katikati ya Machi. Kwa hiyo mgeni aweza kukuta leo jua kali, na kesho mvua ya kutwa. Asiyejipanga hushinda kitandani akihesabu matone ya paa.

Kabla sijataja mahali pa kwenda, napenda tumkumbuke mtu mmoja ambaye kila karani yampasa kumjua. Martin Kayamba alikuwa karani wa serikali huko Tanga, na mwaka 1922 ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931, katika majira ya machipuko ya Uingereza, alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Bwana Francis Lwamgira wa Bukoba. Walitumwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, katika shauri la kuziunganisha nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kazi ilikuwa nzito, nao waliitimiza. Lakini Kayamba hakuishia hapo. Aliyatazama mambo ya nchi ile, akayaandika kwa Kiswahili, na mwaka 1932 kitabu chake kikapigwa chapa, jina lake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Liangalieni jina hilo, mabwana. Halisemi tulivyofanya peke yake. Kuona kumewekwa mbele, na aliyeona amewaandikia waliobaki nyumbani. Hilo ndilo fundisho ninalotaka tulishike leo.

Sasa matayarisho. Chukua vitu vitatu: mwavuli, daftari, na siku moja ya ziada. Juu ya hiyo siku ya ziada nitaeleza. Kabla ya mwaka 2003 msafiri wa kusini alisubiri kivuko katika mto Rufiji. Mwaka huo likafunguliwa Daraja la Mkapa, nasi tukaona kwamba taabu zimekwisha. Lakini mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, mafuriko yaliikata barabara hiyo hiyo pande za Somanga, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama. Masika haimwogopi mtu mwenye barua ya kuitwa mkutanoni. Mwenye mkutano Jumatatu asiondoke huku Jumapili.

Ukiisha fika, andika orodha mbili katika daftari lako: moja ya siku ya mvua, na moja ya siku ya jua.

Siku ya mvua uende Makumbusho ya Taifa, karibu na bustani ya mimea. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1940, na kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Humo utapata habari za fuvu la Zinjanthropus, lililovumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa kadiri ya miaka milioni 1.75. Usipite mbio kama anayetafuta mlango wa kutokea. Simama, soma vibao, andika. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu sisi wa kusini tuna deni katika mambo haya. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, katika nchi ya Lindi, wakatoa zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani. Wapagazi wa nchi hii waliibeba hata bandarini Lindi, ikapelekwa Ulaya. Leo mnyama mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu wapita mita 13, na watu wa mji ule huwachukua watoto wao kwenda kumwona. Watu wa Berlin wamejua thamani ya mfupa uliotoka kwetu. Nasi je, tupite mbele ya jumba letu wenyewe bila kuingia?

Mvua ikizidi, iko Maktaba Kuu ya Taifa katika barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Chagua jambo moja tu linaloisumbua kazi yako huku, kama vile kilimo cha mpunga au utunzaji wa hesabu, ulisome kwa saa mbili. Saa mbili za maktaba zaweza kumfaa mtu kuliko siku mbili za kuuliza njiani.

Siku ya jua uamke mapema uende Feri, ukaone samaki wakinadiwa. Sisi ni watu wa mto na wa pwani. Yafaa tujue jinsi samaki anavyopata bei afikapo mjini, na ni mikono mingapi anayopitia. Kisha panda pantoni uvuke kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni ndogo, na ukiwa katikati ya maji utauona mji wote pamoja na bandari yake, jambo usiloweza kuliona ukiwa ndani ya mitaa.

Ukirudi, tembea kwa miguu. Yaone makanisa ya kale ya mbele ya bandari, kisha ufike penye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza na Kiswahili. Sanamu hiyo yatuhusu sisi kuliko wengi wapitao hapo. Vita ile ilifika pande zetu: Oktoba 1917 walipigana vikali Mahiwa, na Novemba majeshi ya Wajerumani yakauvuka mto huu wetu wa Ruvuma, huko juu Ngomano, yakaingia Msumbiji. Hata jina la Kariakoo limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Basi anayekwenda Kariakoo kununua vitenge ajue kwamba anakanyaga jina la babu zake waliobeba mizigo.

Mahali pa mwisho ni Mwenge, kwa wachonga vinyago. Huko utasikia Kimakonde kana kwamba hujaondoka nyumbani. Tazama mpingo unavyogeuka kuwa mtu na jamaa yake yote, mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Uliza vijana walijifunzaje, na kazi hiyo inawalipa namna gani. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga naye alizaliwa kusini, Tunduru. Alifariki mwaka 1972, lakini picha za namna yake zimeenea duniani. Vijana wetu wenye mikono myepesi wangefaidika kusikia habari hizi.

Najua yuko atakayesema, “Bwana, fedha ya safari ni ya watoto, kutembea ni kazi ya matajiri.” Namheshimu asemaye hivyo, kwani anafikiri nyumba yake. Lakini katika niliyoyataja hakuna linalofikia bei ya soda na nyama choma za jioni mbili. Tena watoto hao hao ndio wanaotungoja. Ndugu yetu mmoja alirudi kutoka mafunzo ya siku tano, na mwanawe wa darasa la sita akamwuliza kama ameliona lile fuvu lililo katika kitabu chao. Baba alinyamaza, akampa biskuti. Mtoto aliipokea biskuti, lakini swali lake lilibaki pale pale.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba chama chetu kikubali mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aendaye mjini atangaze mapema, ili wenzake na walimu wa shule wampe maswali ya kuyatafutia majibu. Pili, katika muda wa juma mbili baada ya kurudi, aandike ukurasa mmoja wa aliyoyaona, upigwe chapa katika gazeti letu. Tatu, alete kitabu kimoja, hata kikiwa kikuukuu, tuanze kabati la vitabu la chama. Wanachama wanne tu wakisafiri kwa mwaka, tutakuwa na kurasa nne na vitabu vinne. Si vingi, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mabibi na mabwana, mji mkubwa haumfundishi mtu kwa sababu amelala ndani yake. Humfundisha aliyetoka kwake na swali mkononi. Masika inakaribia, na najua wako miongoni mwetu waliokwisha pata barua za safari. Nawatakia njia njema, na siku za jua zipite za mvua.