KUTOKA UMEYA WA MJI MPAKA UMAKAMU WA RAIS
Habari za Bwana Hubert Humphrey wa Marekani

Haba na haba hujaza kibaba. Mithali hii yafaa kutangulia habari za Bwana Hubert Humphrey, aliyeanza kazi ya siasa katika mji mmoja wa Marekani, akafika kuwa Makamu wa Rais wa nchi nzima.

Alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la South Dakota. Baba yake alikuwa na duka la dawa. Nchi ilipopatwa na shida kubwa ya fedha, kijana huyu aliacha masomo ya chuo kikuu ili amsaidie baba yake dukani. Alirudi chuoni mwaka 1937.

Mwaka 1943 alitaka kuchaguliwa meya wa mji wa Minneapolis, akashindwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1945 alijaribu tena, akashinda, naye umri wake ni miaka 34. Katika mji ule watu weusi na Wayahudi walikuwa wakinyimwa kazi kwa ajili ya rangi au dini yao. Humphrey alilishikilia jambo hilo, na mwaka 1947 ikapitishwa sheria ya mji iliyowakataza waajiri kubagua watu.

Mwaka 1948 chama chake cha Democratic kilikutana Philadelphia. Wakubwa wa chama walimwonya asilete neno la haki za watu weusi, wasije wajumbe wa kusini wakakasirika na chama kikapasuka, naye mwenyewe akaharibikiwa. Alipanda jukwaani akalisema. Wajumbe walio wengi walilikubali; baadhi ya wale wa kusini walitoka nje. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, watu wa jimbo la Minnesota walimchagua kuingia Seneti, iliyo nyumba moja ya baraza la kutunga sheria za nchi.

Mwaka 1964 jambo lile lile lililoanzia mjini likaletwa Seneti liwe sheria ya nchi nzima. Wapinzani walihutubia majuma mengi ili kulizuia. Humphrey aliwaongoza wenzake kwa subira, pasipo matusi, mpaka kura 71 kwa 29 zikakata maneno hayo, na sheria ikapita.

Mwaka 1965 akawa Makamu wa Rais Johnson. Alimwonya Rais kwa barua ya siri juu ya vita vya Vietnam, akatengwa katika mashauri. Baadaye alivitetea vita hivyo mbele ya watu. Alipogombea Urais mwaka 1968, wengi waliomsifu zamani walimwacha, akashindwa na Bwana Nixon kwa kura kama nusu milioni tu. Alirudi Seneti mwaka 1971, akatumika humo hata alipofariki mwaka 1978.

Basi, alipokuwa mdogo wa cheo alisema kweli mbele ya wakubwa, akapata heshima. Alipokuwa mkubwa aliificha kweli yake, akapata hasara. Mwenye kutaka uongozi na ayapime yote mawili.