Majina Mengi, Dawa Moja
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Alby, Stockholm)



Nimetakiwa niseme machache juu ya elimu ya dawa, hasa kwa vijana wetu wanaosomea uuguzi. Lakini jambo lenyewe latuhusu sote, kwani tunapotembeleana hubeba vidonge kutoka nchi moja hadi nyingine.

Dawa ikisha kumezwa hupita hatua nne. Hufyonzwa utumbuni na kuingia katika damu; husambazwa mwilini; hugeuzwa umbo, aghalabu na ini; kisha hutolewa nje, aghalabu na figo kwa njia ya mkojo. Kipimo na saa za kumeza hupangwa kwa kuifuata safari hiyo. Ini au figo zikidhoofika, dawa huweza kukawia mwilini, na kipimo kilichomfaa kijana chaweza kumdhuru bibi yake.

Chukueni mfano wa parasetamoli. Afrika Mashariki wengi huijua kwa jina la Panadol, hapa Uswidi Alvedon, na jamaa zetu wa Marekani Tylenol. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Basi mgeni akimeza Panadol alizokuja nazo, mwenyeji akamwongezea Alvedon, na usiku akanywa dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake, haba na haba hujaza kibaba.

Ini huigeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, kisha huizima sumu hiyo kwa akiba yake. Kipimo kikizidi, akiba huisha, na ini lenyewe huunguzwa. Hatari kubwa ni ukimya wake: siku ya kwanza mtu aweza kujiona mzima. Dawa ya kuikinga madhara hayo ipo, nayo ni asetilisisteini, lakini hufaa zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyezidisha asingoje kuumwa. Hapa Uswidi apige simu 112 na kuomba Giftinformation, yaani kituo cha habari za sumu.

Serikali ya Uswidi nayo iliiona hatari hiyo: tangu Novemba 2015 vidonge vya parasetamoli haviuzwi tena katika maduka ya kawaida, ila katika maduka ya dawa.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kumpa mzazi au mgeni kidonge, lisomeni jina dogo lililo chini ya jina kubwa la pakiti: paracetamol, au kwa Marekani acetaminophen. Kisha mwulizeni amekwisha kumeza nini, na saa ngapi. Nanyi wanafunzi wa uuguzi, wasomeeni wazee wetu maandishi hayo. Mwili hautambui jina la biashara, hutambua dawa na kipimo chake.