Sigara katika Kifurushi cha Askari



Jumapili iliyopita tulipokuwa tukizungumza habari ya kuwatumia zawadi vijana wetu walio katika ulinzi wa amani nje ya nchi, mzee wetu mmoja alisimama akasema maneno machache: "Watumieni sigara. Vingine watapewa na jeshi." Watu wakacheka, kisha wakagawanyika, na mkutano ukavunjika bila shauri. Kamati ilituagiza tutafute habari za jambo hili. Tumesoma, tumeuliza, na leo tumekuja kusema tuliyoyaona.

Kwanza tumtendee mzee haki yake. Baba yake alikuwa askari wa K.A.R. katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, akapelekwa Ceylon mwaka 1943, na mwaka uliofuata Burma, ambako wazee waliita Bama. Waliteremka bonde la Kabaw katika mvua kubwa za huko, matope mpaka magotini, chakula kikiangushwa kwa ndege, hata wakafika Kalewa mwezi wa Desemba 1944. Mzee anasema baba yake alimsimulia kwamba moto wa sigara ndio uliowatoa ruba miguuni, na kwamba mtu aliyekata sigara yake ya mwisho vipande viwili akakupa kimoja, huyo alikuwa ndugu yako mpaka kufa. Alirudi na kopo la bati la sigara 50, tupu, na mkewe akalifanya la kutilia mbegu za maboga. Kopo hilo lipo hata leo. Tumelishika kwa mikono yetu. Mtu aliyekua akiliona kopo lile huwezi kumwambia kuwa sigara haikuwa kitu.

Wala si Bama tu. Katika Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1914, Mary, binti wa Mfalme wa Uingereza, msichana wa miaka 17, alilitoa jina lake kwa mchango wa zawadi ya Krismasi. Zikapatikana pauni zaidi ya 160,000. Askari walio vitani na mabaharia wakapewa kasha dogo la shaba, na pamoja nalo kiko, kiwashio, wakia moja ya tumbaku, sigara 20, kadi na picha ya binti mwenyewe. Mwisho wake makasha hayo yalipita milioni mbili na nusu.

Lakini liko jambo katika zawadi ile ambalo twapenda mlisikilize sana. Asiyevuta hakupewa sigara. Alipewa peremende, penseli, karatasi na bahasha. Na Masingasinga, ambao dini yao inakataza tumbaku, walitiliwa sukari ya mawe na viungo vya chakula. Hao walikuwa watawala wa dola kubwa, nasi hatuna haja ya kuwasifu. Walakini kabla ya kufunga kifurushi waliuliza: huyu atakayekifungua ni nani? Sisi Jumapili iliyopita hatukuuliza.

Sasa tutazame upande wa pili, upande wa mwenye duka. Fedha za wananchi zilichangishwa na magazeti, zikanunua tumbaku, tumbaku ikaenda vitani. Huko Marekani chama cha YMCA kilikuwa kikihubiri dhidi ya sigara. Vita vilipowafika mwaka 1917, kikaanza kuzigawa na kuziuza kwa askari. Mwaka 1918 serikali yao ikaitia tumbaku katika posho. Katika Vita ya Pili, kasha la mlo wa askari wa Marekani lilikuwa na sigara ndani yake, na desturi hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1975. Pigeni hesabu wenyewe. Kijana wa miaka 18 anapewa bure miaka mitatu. Vita vinakwisha, zawadi inakwisha, na yeye anarudi nyumbani kununua kwa fedha yake miaka thelathini. Mfanyabiashara gani asingeipenda zawadi kama hiyo?

Mwaka 1950 madaktari wawili wa Uingereza, Doll na Hill, walionyesha jinsi sigara inavyofungamana na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 serikali ya Marekani ikatangaza hivyo hivyo kwa watu wake. Baba yake mzee alikufa kwa kikohozi. Sisi si waganga, hatusemi ni sigara iliyomuua. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuambia, bila kuulizwa, kwamba usiku jirani walikuwa hawalali.

Huko Marekani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010 ilikataza sigara kupelekwa kwa posta, ila kwa njia chache. Mtu mzima aweza kumpelekea mtu mzima mwenzake zawadi isiyozidi wakia 10, wala si zaidi ya mara 10 katika siku 30. Kukawa na manung'uniko kwa ajili ya askari walio ng'ambo, kwa kuwa njia iliyoruhusiwa mwanzoni haikufika kambini kwao. Baadaye posta ikawafungulia njia. Sigara kubwa, zile za majani yaliyosokotwa, sheria hiyo haikuzigusa kabisa. Kwa nini, waulizwe wao.

Ndugu mmoja atokaye Urambo alitushika mkono njiani akasema: "Tumbaku ni jasho letu, nanyi mnaitukana?" Hapana, ndugu. Pakiti kumi za tawi hili hazitaongeza hata senti kwa mkulima wa Urambo wala wa Chunya. Neno la bei na mizani lina mkutano wake, na tutauitisha. Tafadhali usiliweke ndani ya kifurushi cha askari.

Basi shauri tunaloleta ni hili. Katibu aende kwanza kwa wakubwa wa jeshi aulize vitu gani vinakubaliwa na vinapita njia gani, maana kifurushi kitakachozuiwa njiani ni hasara na aibu. Kila mwenye kijana aandike ni nini kijana huyo anachokihitaji, si tunachodhani sisi. Kalamu, karatasi na bahasha tutie kwa kila mmoja.

Na kijana mzima akiomba sigara mwenyewe? Hili lilituchukua muda mrefu katika kamati, na hatukukubaliana sote. Wengi wetu waliona hivi: jamaa yake na ampelekee kwa fedha yake, kama sheria inamruhusu. Fedha ya tawi isinunue. Yeye alikuwa anavuta kabla yetu. Mwenzake asiyevuta tusiwe sisi tuliomfundisha.

Mzee amekuja nalo kopo lake leo. Hajasema kama amekubali maneno yetu au hapana, lakini mbegu amezitoa asubuhi, na ameturuhusu tulipitishe kukusanya michango. Linaanzia pale nyuma, kwa akina mama.